Picha Iliyosubiri Msumari

Nchi ya Tambarare haipo. Ukiikuta kwenye ramani, ujue mchoraji alikosea, na ukimkuta mtu anayesema kazaliwa huko, mpe maji ya kunywa, maana ana kiu na shida nyingine nyingi. Mimi nimezaliwa huko. Niliishia darasa la nne, darasa ambalo paa lake liliezuliwa na upepo na halijarudi mpaka leo, kwa hiyo nitasimulia nilivyoona, bila maneno makubwa. Maneno makubwa yote yamechukuliwa na serikali.

Nianze na mke wangu, kwa sababu kisa hiki ni chake. Aliitwa Zamoyoni. Alifia kwenye zahanati ya Kata ya Chekecheke kwa kukosa pumzi, siku ya sherehe ya kuzaliwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Zahanati ilikuwa na mtungi mmoja tu wa hewa ya wagonjwa. Asubuhi ile walikuja watu wa wilaya wakaubeba mpaka uwanjani, kujazia maputo. Maputo yenyewe hayakupaa. Yalilala kwenye majani kama matikiti, watoto wakayapiga mateke, na Mkuu wa Wilaya akatangaza kwamba maputo ya Tambarare yana uzalendo, hayaikimbii nchi yao kama maputo ya wengine. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa zahanati, mikono imeshika kichwa cha Zamoyoni.

Kaburi nilimjengea mwenyewe. Kazi yangu ni kufyatua matofali ya saruji, kwa hiyo hilo halikuhitaji kibali cha mtu. Juu nikasiliba saruji laini, na kabla haijakauka nikapachika vipande vya sahani zake. Zilikuwa sahani za maua mekundu ambazo alizitoa wageni wakija tu, na wageni hawakuja sana. Likatoka kaburi zuri. Jua likilipiga, unaliona toka barabarani linametameta, unadhani kuna mtu anakukonyeza.

*

Sasa lazima nieleze Sheria ya Uso, maana bila hiyo mgeni haelewi chochote cha Tambarare.

Sheria inasema popote ilipo picha ya Mlezi Mkuu, ni marufuku mtu kuigeuzia mgongo. Inasema pia ni marufuku kuielekezea kitu chochote chenye ncha au tundu: kisu, kidole, mwavuli, bunduki. Na ikishatundikwa mahali, haitunguliwi. Anayefanya lolote katika hayo ni mhaini, na mhaini tunajua anakolala.

Shuleni picha iko juu ya ubao, kwa hiyo walimu wetu hufundisha wakiuangalia ubao tu, na wanafunzi wanawajua walimu wao kwa visogo. Kinyozi Mahundi alifungiwa kibanda kwa sababu wembe wake ulikuwa unaielekea picha kila alipofika sharubu za kushoto. Siku hizi kafunguliwa, ila ananyoa upande wa kulia tu. Mtaa mzima tuna sharubu za kushoto na tumeshazoea.

Kila nyumba iligawiwa picha yake, kubwa kama mlango wa kabati, na kioo juu. Ya kwangu niliiweka nyuma ya kabati. Walipokuja kukagua nikawaambia nasubiri msumari wenye hadhi. Wakatazamana. Yule mkubwa wao akasema, "Mzee huyu anafikiri kwa kina," wakaniacha.

*

Basi ikaja Sera ya Taifa ya Shabaha.

Aliyekuja kutusomea ni Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Makwandule, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, kama ng'ombe aliyemeza filimbi.

"Wananchi!" alisema. "Utafiti umegundua kwamba vijana wetu wanakaa kwenye makaravati ya barabara kutwa. Kwa nini wanakaa? Kwa sababu hawana shabaha! Serikali yenu sikivu haiwezi kumpa kila kijana kazi. Lakini inaweza kumpa kila kijana kitu cha kulenga! Kijana asiye na kazi, akishika bunduki ya michezo, huyo si mzururaji tena. Huyo ni mwanamichezo anayesubiri!"

Bi Nakijwa, muuza vitumbua, akanyoosha mkono. "Baba, na zahanati je? Ule mtungi umerudi?"

"Mama, tusichanganye mada. Mtungi uko kwenye sherehe nyingine."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa nao ni vijana, mama. Walio vijana wajiunge na klabu."

Ikaamriwa kila kata iwe na klabu ya kulenga shabaha. Bunduki zikaja kwa lori zikawekwa kwenye stoo ya dawa ya zahanati, kwa sababu ndiyo stoo pekee iliyokuwa tupu kabisa. Na ili vijana wajiunge kwa hiari yao, ikatangazwa kwamba asiye na cheti cha klabu hapati meza sokoni, hafungi ndoa, wala haendi chuo chochote.

Binti yangu wa pekee, Havintishi, alikuwa anataka kusomea uuguzi. Alitaka tangu siku ile ya maputo. Akaenda kuandikishwa.

"Baba," akaniuliza jioni, "mwuguzi anatakiwa kulenga nini?"

"Mshipa, labda."

"Kwa bunduki?"

"Sindano hamna, mwanangu. Wameona waanze na kilichopo."

*

Mwalimu wa klabu alikuwa sajini mstaafu, Afande Chikopa, mtu mwembamba, mwoga wa wakubwa lakini si mtu mbaya. Alichagua uwanja wa mpira, akatuambia jambo moja la maana, na mpaka leo sijasikia la pili kwa mtu yeyote wa serikali.

"Risasi haina breki, wazee wangu. Lazima iishie kwenye udongo. Tujenge tuta."

Tukaitwa msaragambo, kazi ya wote isiyo na malipo. Tulichimba, tukabeba, tukashindilia, kata nzima, wanawake kwa wanaume. Tuta likasimama upande wa kaskazini wa uwanja, refu kushinda nyumba, nene kama ukuta wa boma. Chikopa akalipigapiga kwa kiganja, akacheka kwa furaha. Vijana wangesimama kusini, wangelenga kaskazini, na risasi zote zingefia humo. Hata mimi, ambaye sijawahi kuisifu serikali hata kwa bahati mbaya, nilisema moyoni: hapa angalau hatauawa mtu.

Asubuhi ya ufunguzi ikaletwa picha ya Mlezi Mkuu, maana klabu isiyo na picha ni genge. Makwandule akatazama huku na huku mahali panapofaa heshima ile. Panapofaa ni juu. Na katika Chekecheke yote, iliyo bapa kama chapati, pa juu palikuwa mahali pamoja tu. Wakaitundika juu ya tuta.

Watu wakapiga vigelegele. Afande Chikopa alikuwa amesimama na bunduki mkononi, mdomo wazi.

"Mheshimiwa," akasema polepole, "vijana walikuwa walenge huko."

"Huko wapi?"

Chikopa akataka kuonyesha kwa kidole, akakumbuka, akaonyesha kwa kidevu.

"Unataka vijana wamwelekezee Mlezi bunduki?"

"Hapana, Mheshimiwa! Nilikuwa naomba labda picha ishushwe kidogo tu, isogezwe..."

"Itunguliwe?"

Chikopa akamezwa na magwanda yake.

"Basi wageuke walenge kusini," alisema karani mmoja aliyetaka kupanda cheo.

"Wakilenga kusini, mgongo unaelekea wapi?" akauliza Makwandule. Karani akarudi nyuma, na cheo chake kikarudi naye.

Wakakaa kikao palepale, wamesimama, wote wameielekea picha. Wakakubaliana kwamba njia ya kizalendo ni kulenga kwa ubavu. Ukilenga kwa ubavu humwelekezei bunduki na humgeuzii mgongo. Upande wa mashariki kuna nini? Kuna nyumba ya Mkuu wa Wilaya. Upande wa magharibi? Ua wa minyaa, na nyuma ya ua, makaburi.

"Magharibi," alisema Makwandule. "Huko hakuna mtu."

Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kuna mke wangu."

"Si amekufa?"

"Amekufa."

"Ndiyo maana nikasema hakuna mtu."

Tuta letu likabaki pale kaskazini na picha kichwani, likisubiri risasi ambazo hazikuja.

*

Walianza wiki ileile. Mbao za shabaha zilisimikwa mbele ya ua wa minyaa, zikapakwa rangi ya duara, na vijana wakapigia magharibi. Mbao ni mbao tu. Risasi iliipita mbao, ikaupita ua, ikaenda ilikokwenda.

Nilikwenda siku ambayo hakuna mazoezi. Misalaba ya mbao ilikuwa imechomolewa kama meno. Kaburi la baba yake Mahundi lilikuwa na tundu unaloweza kuingiza ngumi. Na la Zamoyoni, lile langu, lilikuwa limepigwa sehemu moja, palepale penye maua, likamenyeka kama ndizi. Vipande vya sahani vilikuwa chini kwenye mchanga. Nikaviokota nikavifunga kwenye leso.

Nikaenda nayo wilayani. Makwandule alinipokea akiwa amekaa kiti cha pembeni, maana cha mbele kingemfanya amgeuzie Mlezi mgongo.

"Mzee, marehemu mwenyewe amelalamika?"

"Amekufa, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unalalamika kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe ameridhika."

"Wanampiga risasi!"

"Hawampigi. Wanaitumia ardhi iliyo juu yake. Mzee wangu, wafu wa nchi hii wamekaa muda mrefu bila kuchangia maendeleo. Leo wamepata nafasi. Wengine wangeshukuru."

"Mtungi wake mlichukua. Sasa mnataka na kaburi?"

Akanitazama kama anayetazama mashine iliyotoa sauti mpya. "Kama panakukera, mfukue umpeleke kwingine. Ni mkeo, hatukuzuii."

Nilirudi nyumbani nikaweka leso mezani. Havintishi akaifungua. Alizijua zile sahani kabla sijasema neno, ndizo alizokatazwa kuzigusa utoto wake wote.

"Limepigwa wapi?"

"Mbele, pale kwenye maua. Sehemu moja tu, lakini ndani."

"Ni pale ua ulipopinda? Karibu na mti mkavu?"

"Hapohapo."

Akachukua kipande kimoja chenye ua jekundu.

"Baba, hiyo ni mbao yangu. Afande ananisifu kila siku. Anasema risasi zangu zote zinapita tundu moja." Akakifunika kile kipande kwa kiganja. "Wanaokosa wanapiga hovyo, huku na huku. Mimi ndiye sikosi."

Serikali ya Tambarare ilikuwa imeweza kumfundisha mtoto mmoja kazi moja vizuri, na kazi yenyewe ikawa hiyo.

Kuanzia kesho yake akaanza kukosa. Alipiga ardhini, alipiga juu, alipiga mti mkavu. Wakati huohuo ikaja habari kwamba Waziri wa Vijana, Shabaha na Matarajio anakuja kufungua mashindano, na risasi ya kwanza itapigwa na bingwa wa kata, Havintishi. Afande Chikopa akaja kwangu, akasimama mlangoni anazungusha kofia.

"Mzee, mwambie binti. Akikosa mbele ya Waziri wataita hujuma. Wamesema wenyewe. Atalala ndani, na cheti asahau."

"Na akipata, anampiga mama yake. Wewe ungechagua lipi, Afande?"

"Mimi ni mtu wa amri tu, mzee. Usiniulize kuchagua."

Havintishi alikuwa anaosha vyombo nyuma, akasikia. "Nitakosa," akasema bila kugeuka. "Wanifunge."

Nikakaa. Nikatazama kabati. Nyuma ya kabati ulionekana ukingo wa fremu ya dhahabu na jicho moja la Mlezi Mkuu, linanichungulia kama mdeni. Sijui fikra ilinijiaje. Nilichojua ni kwamba msumari wake nimeupata.

*

Siku ya Waziri uwanja ulijaa. Asubuhi mapema nilikuwa nimeshakoroga saruji kwenye karai na kulificha makaburini chini ya majani mabichi, pamoja na panga. Halafu nikarudi, nikajifuta vumbi, nikaibeba picha kifuani, uso ukiangalia mbele, nikatoka nayo barabarani kweupe.

Hakuna mtu katika Tambarare anayeweza kumsimamisha aliyebeba picha. Polisi wa kwanza aliniona akasimama wima. Nikampita, naye asiweze kubaki nyuma yangu wala kunipa mgongo, ikabidi atembee kinyumenyume mbele yangu, mkono kwenye kofia. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Bi Nakijwa akaacha vitumbua vinaungua.

"We Baba Havi, unampeleka wapi huyo?"

"Kumtundika."

"Haya mbebe vizuri asije akaanguka akatuponza!"

Nilipoingia uwanjani Waziri alikuwa katikati ya hotuba, kijana aliyekonda aliyevaa miwani myeusi.

"...na dunia itajiuliza, hawa vijana wa Tambarare wanalenga nini? Nasi tutajibu kwa sauti moja: tunalenga!"

Hapo ndipo watu waliponiona, wakaanza kuhangaika. Mlezi mmoja juu ya tuta, kaskazini. Mlezi mwingine anatembea. Wakawa wanajipindapinda kama alizeti zenye majua mawili. Mimi sikusimama. Nilipita nyuma ya mbao, nikapenya ua wa minyaa pale ulipopinda, nikafika kwa Zamoyoni. Nikapaka saruji pale walipomvunja, nikaibandika picha juu yake, wima, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kisha nikaukata ua kwa panga, upande upande, mpaka uso wote ukaonekana toka uwanjani. Panga nilikuwa nimelielekeza chini muda wote. Sheria naijua.

Upande wa pili wa ua, vijana walikuwa wamejipanga mstari tangu hotuba, bunduki begani, wamelenga magharibi. Yaani wamemlenga Mlezi Mkuu wa Taifa, katikati ya macho, mbele ya Waziri.

"SHUSHENI!" Afande Chikopa alipiga ukelele ambao sikujua anao. "Shusheni silaha! Shusheni, tutakufa wote!"

Bunduki zikaanguka kama kuni. Havintishi ndiye aliyeiweka yake taratibu. Alikuwa ananitazama kwenye lile tobo la ua, na nikaona anataka kucheka na kulia, hajui aanze na lipi.

Waziri akauliza, "Sasa watapiga wapi?"

Chikopa akapiga saluti, na naapa alikuwa anafurahi. "Kaskazini yupo Mlezi, mheshimiwa Waziri. Magharibi yupo. Kusini tutampa mgongo yule wa kaskazini. Mashariki tutampa mgongo huyu wa magharibi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo dunia imekwisha, mheshimiwa."

Makwandule alikuja mbio mpaka kaburini, jasho linamtiririka. Akasimama mbele yangu, bega langu likiwa karibu ligusane na fremu, maana nimekaa kiubavu, kama sheria inavyotaka.

"Wewe mzee! Wewe!" akanikazia kidole puani. "Nitakukomesha!"

"Mheshimiwa," nikasema kwa upole, "kidole."

Akatazama kidole chake, akatazama kilikoelekea, kupita sikio langu. Akakirudisha ndani ya mkono wa koti haraka kama aliyeshika kaa la moto. Waziri na watu wake walikuwa wameshafika, wanaona.

Sasa wangefanya nini? Kuitungua ni uhaini. Kunifunga kwa kuitundika ni uhaini zaidi. Waziri alifikiri, akakohoa, akageukia watu, kiubavu.

"Ndugu wananchi! Tumeona uzalendo leo! Mzee huyu, mtu wa chini kabisa, ametufundisha kwamba hata kaburini Mtambarare anataka kuonwa na Mlezi wake!"

Makofi. Makwandule alipiga kwa nguvu kuliko wote, akinitazama.

*

Klabu haikufungwa, serikali yetu haifungi kitu. Vijana siku hizi wanalala chali uwanjani, wanalenga mawingu bila risasi, na wanapewa cheti. Havintishi alipata chake, yuko chuoni anajifunza uuguzi. Ameniandikia kwamba chuo hakina mtungi hata wa kujifunzia, wanauchora kwenye ubao.

Mimi nilipewa nishani ya bati.

Na Zamoyoni hapigwi tena. Lakini juu yake, mahali pa maua yake, anatabasamu yuleyule ambaye maputo ya sherehe yake yalijazwa pumzi ya Zamoyoni. Nilimlinda kwa kumlaza chini ya mtu huyo, na saruji niliikoroga vizuri mno, hata mvua haitanisaidia kuing'oa. Nikifika lazima niiname. Mlinzi aliyewekwa pale anadhani nainamia picha. Ninapanga vile vipande vya sahani vilivyobaki, navirudishia kimoja kimoja chini ya picha, kwenye miguu ya Zamoyoni.

Nikiondoka siwezi kugeuka. Kwa hiyo nakwenda kinyumenyume, polepole, najikwaa kwenye makaburi ya watu, macho yangu kwake mpaka getini. Mlinzi ananipigia saluti. Wamekuja hata watu wa redio kunirekodi, wakasema nyayo zangu ni somo kwa vijana. Mate yananijaa mdomoni njia nzima na nayazuia, maana mdomo nao ni tundu.

Nikishavuka geti, ua unanificha. Hapo ndipo ninapogeuka, nikaelekea mashariki, kwenye nyumba ya Mkuu wa Wilaya. Kwenye ukuta wake wa nje, namshukuru Mungu, hajatundika picha. Nayatema yote.